Uliza Mjomba: "Baba mdogo anasema nimekopa hela ya serikali kwenda kusoma WhatsApp"

Wiki hii barua ni mbili tu. Ya kwanza ni ndefu, nilitaka kuikata nikashindwa, kila nikifuta mstari naona huo huo ndo ulikuwa mtamu. Ya pili fupi, ila ilifika siku moja na hiyo ndefu na nikaona zinajuana.

SWALI

Shikamoo Mjomba. Naomba usitaje jina langu wala chuo maana darasani kwetu hii safu inasomwa, niite tu fesiyia. Mi ni binti wa miaka 20, nyumbani Pangani, nasoma digrii ya mawasiliano hapa Dar mwaka wa kwanza, na semista hii tuna kozi moja inahusu utamaduni wa intaneti na teknolojia, ndo hiyo imenifanya nikuandikie.

Ilivyoanza ni hivi. Nimerudi nyumbani likizo, baba mdogo akaniuliza mbele ya watu haya mwanangu mnasoma nini huko, nikaanza kueleza, watu wanavyoongea mtandaoni, kwa nini kitu kimoja kinasambaa kingine kinakufa, memu (vile vichekesho vya picha na maneno vinavyosambaa), magrupu, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema kwa upole kabisa "kwa hiyo umekopa hela ya serikali kwenda kusoma WhatsApp". Watu walicheka Mjomba, hadi bibi. Na mi nilicheka ila usiku usingizi ulikataa, maana sikuwa na jibu.

Kozi yenyewe naipenda, nisidanganye. Lekcha ya kwanza tuliambiwa ujumbe wa kwanza kabisa kupita kwenye ule mtandao wa mwanzo wa Marekani, ARPANET, ilikuwa Oktoba 29 mwaka 1969, kutoka chuo cha UCLA kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford, na ulitakiwa usomeke LOGIN. Ikafika L, ikafika O, kompyuta ya upande wa pili ikazima. Yaani neno la kwanza la hii kitu yote ni LO. Nilicheka peke yangu darasa zima likanigeukia, nilikuwa namuwaza shangazi kwenye grupu la ukoo, anaandika "habari za" bando linakata, tunabaki tunajiuliza habari za nani, za msiba au za harusi.

Ila kadri tunavyoenda najiona mgeni kwenye somo linalonihusu. Karibu kila mfano ni wa Marekani, paka wao, vyura wao, mabaraza yao ya mtandaoni ya miaka ya 90 wakati sisi kijijini hata simu ya mezani ilikuwa ya misheni. Juzi tukaambiwa kila mtu alete mfano wa memu kutoka kwao aeleze inavyosambaa. Wenzangu wakaleta vya TikTok. Mi nikaleta kanga, ya bibi, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Nikasema hii nayo ni memu, maneno mafupi, picha, inanunuliwa na wengi, inapita mtu kwa mtu, na kila anaeivaa ana mtu wake anamlenga. Darasa likaangua kicheko na anaetufundisha akasema ni wazo zuri ila si la kidijitali, tuendelee. Nikakaa. Kanga iko kwenye begi mpaka leo sijaitoa.

Kitu kingine raha imeniisha. Tulipewa asaimenti ya shajara ya simu siku 7, kila ukifungua simu uandike umefungua kwa nini. Siku ya kwanza nilifika mara 64 na ilikuwa saa mbili tu usiku nikaacha kuhesabu. Nusu ya hizo sikuwa na sababu, daftari limejaa "basi tu", "basi tu", "basi tu". Tangu hapo nikiona kichekesho sicheki, nakaa nawaza kimetoka wapi, nani kaikata hii video, kwa nini maandishi kayaweka chini. Mwenzangu wa chumbani ameshanionya nikianza tena uchambuzi anahama.

Na bado kuna bando. Hii kozi ya intaneti inasomwa na watu wasio na intaneti Mjomba, wai fai inashika vizuri kwa nje kwenye ukuta wa maktaba, saa nne usiku utatukuta tumebandikana pale kama mijusi. Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likitoka kila mtu ana bando la mwezi, wiki ya tatu tunanyonya hotspoti ya mtu mmoja na yeye anajua thamani yake, anaitwa mheshimiwa.

Sasa naomba uniambie: hili ni somo kweli au mwakani nihamie ugavi kama baba mdogo anavyotaka? Kanga yangu nilikosea wapi? Na hii hali ya kutocheka inaisha?

Fesiyia, Dar

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho kwa kuwa ndo jepesi: inaisha. Nina rafiki yangu daktari, alivyokuwa mwaka wa kwanza mtu akikohoa kwenye daladala yeye anahama siti, anatuhesabia magonjwa njia nzima. Siku hizi anakoholewa usoni na anaendelea na chapati yake.

La baba mdogo usilijibu kwanza, nisikilize kisa.

Nyie mmekuta bando lina dakika humo humo kwahiyo kubipu mnakusikia tu kama hadithi, ila sisi tuliishi kwa kubipu. Dakika ilikuwa ghali, vocha ya buku unaikwangua kwa heshima, kwahiyo unapiga inaita mara moja unakata. Mimi na mke wangu, kabla hajawa mke, bipu moja ilikuwa nimefika kituoni, mbili nimekosa gari, tatu kuna mtu hapa siwezi kuongea. Hakuna aliyetufundisha na hakuna aliyeandika mahali popote. Sasa akatokea mtafiti mmoja anaitwa Jonathan Donner akaenda Rwanda, akakaa na watu akawauliza kuhusu kubipu, swali ambalo hata anaeulizwa lazima acheke, na mwaka 2007 akachapisha kwenye jarida la kitaaluma. Akaonyesha kwamba bipu ziko za aina tatu: ile ya nipigie, ile ya makubaliano (nikibipu tu shuka nipo getini), na ile ya nimekukumbuka basi. Na akakuta zina sheria. Mwenye uwezo ndiye anayepiga, asiye nacho anabipu, na mwanaume anaemfukuzia binti akithubutu kumbipu kajimaliza mwenyewe. Niliposoma nilijisikia kama mtu ameingia chumbani kwetu. Yote nilikuwa nayajua! Nimeyaishi miaka, ila sikuwahi kujua kwamba ninayajua.

Sasa vuta picha mwaka 2003 kijana kutoka Pangani anarudi likizo anasema baba mdogo mimi nasomea kubipu. Si angepelekwa kwa mganga.

Ila angalia kilichokuwa kinaendelea pembeni. Watu hao hao wa kubipu walikuwa wanatumiana vocha kama hela, unamnunulia mtu wa kijijini vocha, anaiuza dukani, anapata chumvi na mafuta ya taa. Hakuna kampuni iliyowaambia wafanye hivyo. Kenya walipojaribu M-Pesa mwaka 2005 mpango ulikuwa watu warudishe mikopo midogo kwa simu, watu wakaona hii afadhali niitumie kumtumia mama hela, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikazinduliwa kwa hiyo kazi ya kutumiana hela. Huku kwetu ikaingia 2008. Kwahiyo aliyekuwa anatazama watu wanachokifanya na simu zao, siyo wanachotakiwa kufanya, huyo aliona mapema. Hilo ndo somo lako. Siku baba mdogo akikutumia hela ya matumizi kwa simu (na najua anatuma, wakali wa maneno ndo watumaji) muulize nani alimfundisha.

Haya, kanga.

Hukukosea, ulitetea vibaya. Darasani wamekwambia si ya kidijitali, na we ukakaa. Ungesimama. Hilo neno memu lenyewe lilitungwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976, wakati huo kompyuta ya nyumbani ilikuwa kitu cha wachache mno hata huko kwao, na alipotaja mifano alitaja nini? Nyimbo zinazokaa kichwani, misemo, namna ya kufinyanga vyungu, na mitindo ya nguo. Nguo mwanangu! Kanga ina nguo na ina msemo, mifano miwili kwenye doti moja. Waliocheka walicheka kwa sababu wamelikuta neno kwenye simu wakadhani limezaliwa humo.

Lakini usishangilie mapema, kuna sehemu anaekufundisha ana hoja na we hukuiona. Memu ya simu kila inapopita mtu anaichokonoa, anabadilisha maneno, anaweka sura ya mwanasiasa mwingine, anairusha. Kanga hubadilishi kitu, imetoka kiwandani imeshaandikwa. Sasa kama haibadiliki, kwa nini mwanamke mmoja akiivaa ni vita na mwingine akiivaa ni nguo ya kubebea mtoto? Hapo ndo ulitakiwa uchimbe. Kinachobadilika ni kuvaa: umevaa lini, umepita mlango wa nani, umeikunja jina (yale maandishi yake) lionekane au umelificha ndani. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ukiivaa jikoni kwako ni kanga tu, ukiivaa asubuhi ya harusi ya mke mwenza ni tangazo. Na mwenyewe ukiulizwa unasema mi nimevaa nguo jamani, nimesema nini. Hujatukana na umetukana.

Sasa fungua simu angalia stetasi za WhatsApp, hizi za picha na maneno zinazofutika zilianza 2017. Mtu anaweka "wengine ni marafiki mdomoni tu", hajataja jina, grupu zima linahaha kujua nani. Ni kanga ile ile. Ila zimeachana mahali pazuri sana pa kuandikia asaimenti. Kanga unavaa hujui nani kasoma, unabaki kukisia kwa mtu alivyokunja uso, stetasi inakupa orodha ya waliotazama na saa waliyotazama. Kanga ina gharama, lazima ununue doti kwahiyo unafikiria kabla, stetasi unaiweka ukiwa na hasira saa saba usiku unaifuta asubuhi. Na stetasi masaa 24 imekwenda, kanga ya bibi yako iko kwenye begi lako Dar es Salaam, na sitashangaa ikiwa imekuzidi umri.

Kwahiyo ukirudi Pangani kaa na bibi, usianze na nadharia, mwambie tu bibi hii ulimvalia nani? Atakataa kwanza. Mpe siku mbili. Na ukimuuliza vizuri atakupeleka mbali zaidi, maana kanga zenyewe zina historia ya biashara, kule Mombasa Kaderdina Hajee Essak ameuza kanga tangu 1887 mpaka jina "Mali ya Abdulla" likawa muhuri wake, na kanga za zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hazijaja hizi tunazosoma sasa. Yaani hata "fonti" ilibadilika kufuata wasomaji walivyobadilika. Hapo una kazi ya muhula mzima na nauli ni ya basi la Tanga tu.

Kuhusu mifano ya Marekani kukujaa darasani, mi sitakwambia ni ukoloni tuishie hapo, ingawa neno hilo lingenipa makofi. Ukweli wa kuudhi zaidi ni kwamba wao wana mifano kwa sababu kuna watu waliitunza. GeoCities, ile mitaa ya kurasa za watu binafsi, Yahoo waliifunga mwaka 2009, na kabla haijafungwa watu wa kujitolea walikesha wanainakili, kurasa mbaya mbaya za mbwa na nyota zinazomeremeta, wakazihifadhi kama mahekalu. Kuna Internet Archive inafanya kazi ya kunakili tovuti tangu 1996. Nao pia wamepoteza, MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, mwaka 2019 walikiri muziki uliopakiwa kwa miaka 12 umepotea kwenye kuhamisha seva. Ila angalau kilipopotea kuna aliyepiga kelele.

Sisi? JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ilianza 2006, humo kuna mabishano ya Watanzania ya karibu miaka 20, ukitaka kujua watu walikuwa wanawaza nini wakati wa kashfa ya umeme ya Richmond huna haja ya kukisia. Hiyo ipo. Lakini mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, kwamba mwenye blogu awe na leseni, maombi laki moja, leseni milioni, na kila mwaka milioni nyingine, JamiiForums wenyewe walizima kwa muda mwezi Juni wakarudi baadae, kanuni nazo zimekuja kupunguzwa makali baada ya hapo, ila vile vijiblogu vidogo wengi hawakurudi. Mimi nilikuwa na vyangu vitatu navisoma kazini bosi akitoka, kimoja cha mapishi, kimoja cha dada mmoja anasimulia misukosuko ya kupanga Mbagala kwa lugha ambayo hakuna gazeti lingeichapa. Nikitafuta leo hakuna. Siyo kwamba vimefichwa, hakuna. Na huko kwenye WhatsApp ndo usiseme, voisi noti zilianza 2013, fikiria kiasi cha Kiswahili kilichosemwa humo, mahubiri, utani wa watani, dawa za kienyeji, umbea wa kiwango cha chuo kikuu, simu imeibwa Kariakoo na vyote vimekwenda nayo.

Zile "fowadi kwa watu 10 la sivyo utapata msiba" unazozifuta kwa hasira, mi nilipokea ya kwanza nikiwa shuleni, kwenye karatasi, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeshaanza kufifia, unatakiwa uinakili kwa mkono nakala kadhaa. Niliandika zote, niliogopa. Baadae nikaikuta ile ile kwenye meseji, tena kwenye imeili, alafu WhatsApp, imebadilika idadi ya watu na aina ya balaa tu. WhatsApp wenyewe Januari 2019 waliweka kikomo cha kufowadi mara moja kwenda sehemu tano, na Aprili 2020 ile yenye mishale miwili, yaani iliyosambazwa sana, ikawa inapita moja moja. Je zile za laana za Kiswahili zilipungua hapo? Nani aliziweka tukahesabu? Hamna. Kama we unayo grupu la ukoo lenye miaka minane we ni tajiri, ila omba ruhusa kabla hujagusa, futa majina na namba, siyo kwa sababu ya adabu tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi tangu Mei 2023, na shangazi wa "habari za" ana haki zake humo.

Kuhusu ule ukuta wa maktaba, andika na huo. Sifanyi utani. Watu wa vitabu wanapenda kusema intaneti iko hewani, kwenye mawingu, nyie mnaojibandika ukutani mnajua ina mahali pake. Kabla ya 2009 tulikuwa tunaipata kwa setilaiti, ghali na ya kinyonga, intaneti kafe za Posta unalipia nusu saa, ishirini zinaisha ukurasa wa kwanza wa Yahoo unajichora kuanzia juu kama pazia. Julai 2009 ukatua mkongo (waya wa chini ya bahari) wa SEACOM na mwaka uliofuata EASSy. Mei 12, 2024, Jumapili, mikongo hiyo miwili ikakatika karibu na Afrika Kusini, na huku kwetu mtandao ukawa wa kubembeleza, biashara zimesimama, na watu ambao hawajawahi kuwaza intaneti ni kitu gani wakaanza kuuliza "kwani inapitaga wapi?" Swali zuri kuliko mengi ya kwenye mtihani. Na ukiwa unafuatilia waya usisahau kuwafuatilia watu, maana hizi akili bandia mnazozitumia kufanyia asaimenti (nawajua) nazo zina jasho la jirani, TIME la Marekani liliandika Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kila aina na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijue lipi la kuliepuka. Nairobi hapo, siyo mawinguni.

Umeniuliza kwa chini chini kuhusu Kiingereza pia, nimeona kwenye ile sehemu ya kujiona mgeni. Sitaki kukuongezea mzigo wa kupigania lugha, una testi. Nikupe kitu kimoja tu cha kutazama: kishikwambi, yaani tableti. Neno hilo lilikuwepo na watu walikuwa wanalicheka kama wanavyocheka tarakilishi. Ikaja Sensa ya Agosti 2022, makarani wakapewa vifaa, vikaitwa vishikwambi kwenye redio kila siku, sensa ikaisha vikagawiwa kwa walimu, na leo mwalimu wa kijijini anakwambia kishikwambi changu kimekufa chaji, hata hatabasamu. Neno lilikuja limeshikana na kitu, mkononi. Tarakilishi ilikuja peke yake kwenye kamusi na kitu kikaja kikiitwa kompyuta. Sina uhakika hiyo ndo sababu yote, lakini mwanafunzi wa mawasiliano akinichambulia hilo nitamlipia bando la mwezi.

Ugavi: wahitimu wa ugavi nao nawaona mtaani na vyeti kwenye bahasha, kwahiyo baba mdogo asikutishe na ajira, wala mimi sikuahidi kwamba huku ipo. Ila usihame kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Maliza mwaka. Kama kuna kozi ya takwimu ya kuchagua ichukue hata kama inauma, maana "naona vinasambaa sana" na "vimesambaa mara kadhaa ndani ya siku kadhaa" ni sentensi mbili tofauti na ya pili ndo inalipwa. Na lile daftari la "basi tu" usilitupe. Nimeulizia watu watatu hapa ofisini kwa nini wamefungua simu, wawili wamesema basi tu, wa tatu alikuwa ameshaifunga na hakumbuki.

SWALI

Mjomba habari za kazi, mi nina stesheneri hapa Katoro, Geita, natoa kopi, naprinti, na hasa najazia watu fomu za mtandaoni, mikopo ya chuo, ajira, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, TIN, kila kitu. Kuna mzee hajawahi kushika kompyuta ila ana akaunti tano, zote nimemfungulia mimi na nywila ninazo kwenye daftari. Mtoto wa dada yangu yuko chuo anasema wanasoma "watumiaji wa intaneti", nikamuuliza huyu mzee ni mtumiaji au mimi ndo mtumiaji? Akakosa jibu. We unasemaje?

Mwenye stesheneri, Katoro

JIBU

Mkuu nimecheka alafu nikanyamaza. Sina jibu la haraka na siamini kama yupo mwenye nalo, kwa sababu hesabu zote za watumiaji zinadhani mtu mmoja ana simu yake na kidole chake, hazimuoni mzee anaeingia intaneti kupitia mdomo wake na vidole vyako, akisimama nyuma ya kiti anakusomea tarehe ya kuzaliwa ambayo nayo ya kukisia. Nasema wote wawili ni watumiaji, ila yeye ni mtumiaji bila kuona na wewe unaona bila kuwa mwenyewe. Na hapo kwenye benchi lako watu wanasikia majibu ya fomu za wenzao, nani kaachika, nani hana baba kwenye cheti, hiyo siri iko wapi?

Nimempa fesiyia wa barua ya juu maelezo ya kukufikia kupitia ofisi yetu kama utakubali. Akija mpe kiti pembeni ya mashine ya kopi wiki moja, asiguse kitu, aandike tu wanavyokuja na wanachouliza. Ana kanga kwenye begi, muulize habari zake.

Ila hilo daftari mkuu. Najua bila hilo kazi haiendi, mzee akisahau atarudi kwako na siyo kwa waliotengeneza huo mfumo. Basi angalau litoke juu ya kaunta. Mwandikie kila mtu nywila yake kwenye kikaratasi aondoke nacho, akikipoteza mtaweka upya, na hizo kurasa za zamani zenye jina, namba ya kitambulisho na nywila mstari mmoja, zichane leo kabla hujafunga duka, na usizitumie kufungia karanga.